Kifungu cha Tisa

Qurum, Maskat
8 Februari 1998

Dada yangu Bi Kheiria,

Idi imepita salama na sisi tu wazima. Sukari yangu imetulia, moyo ndio haujatulia, na nitakwambia kwa nini bila ya kuzunguka.

Alkhamisi kulikuwa na mhadhara kwenye hoteli ya Bustan juu ya historia ya visiwa vyetu. Mhadhiri ni daktari wa chuo kimoja cha Ulaya, Mzungu wa miaka arubaini hivi, na Kiswahili chake kizuri kuliko cha wajukuu zangu. Akafika kwenye Kanuni za Baraza la Fukweni za mwaka 1909, akaziita katiba ya mwanzo kuandikwa kwetu chini ya Waingereza. Mimi nimekaa mstari wa mbele, nimevimba kwa fahari, kila mtu ananitazama kwa kuwa wanajua ni Baba aliyeiandika. Kisha yule bwana akasema, mbele ya watu mia mbili, kwamba Sheikh Seif bin Hamoud alitia muhuri tu. Aliyeandika, kasema, ni Mwingereza aliyekuwa mkuu wa Pemba siku hizo, na Kiswahili chake ni tafsiri.

Unajua ushahidi wake? Kifungu cha tisa. Akakisoma kwa sauti: "Kila anayeteka maji Fukweni, mwenyeji au mgeni, muungwana au aliyeachwa huru, ana sauti barazani siku ya kuzungumzwa kisima." Kasema maneno hayo hayawezi kutoka katika kichwa cha mwenye mashamba aliyekuwa na watumwa uani.

Nikasimama. Nikasema Baba alikuwa na huruma kuliko hao Waingereza wote. Akaniuliza kwa adabu, "Mzee wangu, unayo rasimu ya Kiswahili?" Nikakaa chini. Tangu nizaliwe sijapata kuaibika kama siku ile.

Rasimu ipo kwako, kwenye sanduku la msaji la Mama. Kitabu changu juu ya Baba kinaingia mtamboni mwisho wa Aprili. Niletee, dada.

La pili ni dogo. Kuna watu wamekuja kumposa Nasriya. Nimewarejesha, si watu wetu.

Nduguyo,
Marhoon bin Seif


Fukweni, Pemba
17 Februari 1998

Marhoon mdogo wangu,

Umevimba, unasema. Wewe ulianza kuvimba una miaka minne. Ukinyimwa mkate wa ufuta unabana pumzi mpaka Mama anakumwagia maji. Kwa hivyo sikustaajabu.

Sanduku lipo, ufunguo upo, macho ndiyo yamenikimbia. Karatasi za zamani zinataka mtu wa kuzifungua taratibu, na mimi mikono yangu siku hizi hata chai inaimwaga. Nipe muda. Na usinipigie simu dukani kwa akina Khamis, maana nikizungumza pale mtaa mzima unatega masikio. Niandikie.

Huyo Mzungu wako si mjinga. Amekosea mtu, lakini swali lake ni zuri. Hebu na wewe jiulize: Baba alipata kuteka maji lini?

Hilo la pili unaloliita dogo ndilo lililonikalisha kitako. Nasriya ana miaka thelathini na mbili. Wa kwanza ulimkataa kwa sababu ya mama yake, wa pili kwa sababu ya deni, huyu wa tatu "si watu wetu." Niandikie jina lake na la baba yake na la babu yake. Sitaki maelezo, nataka majina.

Dada yako,
Kheiria


Qurum
25 Februari 1998

Dada,

Nimekuomba karatasi, umenijibu mkate wa ufuta.

Majina unayoyataka: Majid bin Said bin Bakhit. Ndiyo, Bakhit huyo huyo wetu, mtumwa wa Baba aliyeachwa huru. Huyo Said baba yake alizaliwa uani kwetu. Walikuja huku miaka ya sabini, wakaandika jina la kabila letu kwenye vitambulisho vyao kama walivyofanya wengi waliokuwa chini yetu, na sikusema kitu. Kijana mwenyewe sina pa kumtoa ila. Ni mhandisi wa maji, anakaa na baba yake Khuwair ya Kusini, anasali, havuti. Lakini kuna kufu, kulingana kwa nasaba, dada, na wewe unalijua hilo. Nikimwoza kwa mtoto wa mtu wetu wa uani, nitaingia msikitini kwa mlango gani? Said alikuja mwenyewe na bakora yake. Nikampa halwa, nikampa kahawa, nikamwambia binti bado anasoma. Akatikisa kikombe kuwa imemtosha, akashukuru, akaenda zake. Hakuna aliyevunjiwa heshima.

Sasa sikiliza jambo la maana. Nnao msahafu wa Baba, ndio kitu pekee nilichotoka nacho mwaka ule wa mapinduzi. Unakumbuka nyuma kuna ukurasa wa vizazi vyetu, kila mtoto na siku yake, kwa khati ile nzuri ya Baba? Nikiweka picha ya ukurasa ule kando ya picha ya rasimu, khati moja na khati ya pili, yule daktari atafunga mdomo wake mpaka siku ya kufa. Jina langu ndilo la mwisho pale. Chini yake kuna kile kikaratasi cha kijani Mama alichokibandika wino ulipomwagika, lakini haidhuru, kilichobaki kinatosha.

Nnaingoja. Usinicheleweshe.

Marhoon


Qurum
27 Februari 1998

Shangazi yangu mpenzi,

Nakuandikia bila ya Baba kujua, na sijazoea kumficha kitu.

Najua amekwisha kukuandikia habari za Majid. Nataka uzisikie kutoka kwangu. Nimejuana naye miaka mitatu, alipokuja kutengeneza tangi la skuli ninayosomesha. Hatukufanya la aibu. Alisema atamleta baba yake, akamleta. Mzee wa miaka sabini na mbili alikaa sebuleni kwetu akaambiwa mimi bado nasoma, na huku rundo la madaftari ya wanafunzi wangu liko mezani mbele yake.

Majid ananiambia naweza kwenda kwa kadhi, kadhi akamlazimisha Baba au akaniozesha mwenyewe. Wapo waliofanya hivyo. Mimi siwezi kusimama mahakamani nikamshitaki mzee mwenye sukari ambaye kila asubuhi ananimenyea chungwa. Lakini shangazi, simtaki mwengine. Majid kapewa kazi Salalah kuanzia Juni na ameniambia atakwenda, kwa sababu kukaa mji mmoja na mimi hivi hakuwezi. Nna mpaka Juni.

Wewe ndiye mtu pekee ambaye Baba anamwogopa. Kama kuna neno unaloweza kulisema, liseme.

Mwanao,
Nasriya


Fukweni
7 Machi 1998

Marhoon,

Nimelifungua sanduku. Rasimu ni kurasa saba, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, wino mweusi, imefutwa na kuandikwa upya mahali pengi. Wadudu wamekula pembe moja tu.

Nitakupa kwa sharti moja. Utachapa kila kilichomo, neno kwa neno, pamoja na yaliyoandikwa pembeni, na utasema mbele ya watu aliyeiandika ni nani, yeyote atakayekuwa. Niapie kwa mkono wako. Usiponiapia, mimi ni mzee, karatasi ni kavu, na jikoni kwangu moto unawaka kila siku.

Kheiria


Qurum
14 Machi 1998

Dada,

Una vituko. Unamtisha nani kwa jiko?

Lakini haya: Wallahi, wabillahi, watallahi, mimi Marhoon bin Seif nitachapa kila kilichomo katika rasimu ya Fukweni, neno kwa neno, na nitamtaja aliyeiandika kwa jina lake. Umeridhika? Nani mwengine nitamtaja kama si baba yetu?

Barua hii anakuletea Filomena anayefanya kazi kwetu. Anakwenda likizo kwao Tanga, na nimempa nauli ya kuvuka mpaka kwako. Mkabidhi yeye. Ni mtu mwaminifu, na nimemwambia bahasha hiyo aishike kama anavyoshika pasipoti yake.

Marhoon


Fukweni
20 Machi 1998

Marhoon,

Filomena amefika, amekula, amepumzika. Hizi hapa kurasa saba. Nimebaki na kiapo chako, nimekiweka mahali pake sandukuni.

Isome vizuri. Usisome kama mtoto wa Sheikh Seif, soma kama yule Mzungu.

Kheiria


Qurum
28 Machi 1998

Dada yangu mpenzi, dada yangu wa dhahabu!

Nimelia. Khati ni ile ile! Nimeweka msahafu huku na rasimu huku, herufi kwa herufi, mkia wa ile 'waw' unavyopinda, nukta zinavyokaa. Hata kipofu angeliona. Mzungu kwisha kazi.

Na kuna jambo zuri zaidi, sijui kama macho yako yaliliona. Pembeni mwa kifungu cha tisa kuna khati ya pili, mbovu, inayotetemeka, kama ya mtu aliyejifunza kuandika ukubwani. Imeandika: "Hiki sikukifahamu. Aliyeachwa huru ana sauti gani barazani?" Na chini yake Baba, kwa khati yake nzuri, amejibu: "Kwa sababu ndiye anayeteka. Anayekunywa tu hajui kisima kina pima ngapi."

Umeona? Yule wa khati mbovu si mwengine ila Bakhit, maana ndiye aliyekuwa akimshikia Baba makaratasi. Mtumwa aliyeachwa huru hakuamini kwamba amepewa sauti, na bwana wake akakaa akamweleza kwa upole. Nimeandika sura nzima juu ya ukurasa huo mmoja. Nimeiita "Bwana Anamfundisha Mtumishi Wake." Mchapaji ameshaipokea. Nimempigia simu hata daktari, nimemwalika Mei tuzungumze mbele ya watu wale wale, hoteli ile ile.

Na usinitajie tena habari za Said. Ukurasa huu umeonyesha kila mtu alikuwa nani.

Nduguyo mwenye furaha,
Marhoon


Fukweni
6 Aprili 1998, siku ya Arafa

Marhoon,

Leo ndiyo siku yako, mwezi tisa Mfungo Tatu, ndiyo maana nimekaa kuandika. Nilitumai utaona mwenyewe. Hukuona, na nimekasirika, nusu na wewe na nusu na nafsi yangu.

Umezaliwa siku kama ya leo. Kila mtu katika nyumba yetu anaijua hadithi hiyo, na wewe umeisimulia mpaka tumechoka: Baba amesimama Arafa, na huku Fukweni alasiri hiyo hiyo umezaliwa mwanamume baada ya mabinti wanne. Baba alirudi kutoka Makka wewe una miezi miwili na nusu. Na unajua desturi ya nyumba yetu, kwamba mtoto anaandikwa kwenye msahafu siku ya saba, kabla mbuzi wa akika hajachinjwa. Haijapata kungojwa hata siku moja. Sasa nambie, siku ya saba yako Baba yuko Makka, msahafu uko Fukweni. Aliyeandika jina lako ni nani?

Kibandue kile kikaratasi. Hakuna wino uliomwagika. Mama alikibandika kwa uji wa unga siku tatu baada ya Baba kurudi, na mimi nilikuwa na miaka minane, na bakuli la uji nilishika mimi. Baba alikuwa na mazoea ya kuwaonyesha wageni ukurasa ule na kusema kauandika mwenyewe. Mstari ule wa chini ungelimuumbua.

Baba yetu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mkarimu, alikuwa na sauti nzuri ya kusoma kasida, na akiandika utadhani kuku kaparura. Wewe ulikuwa na miaka kumi na minne alipokufa. Ulimwona akigonga muhuri, ukadhani ndiko kuandika. Kila barua iliyotoka nyumba ile iliandikwa na Bakhit. Alikwenda chuoni na Baba utotoni kumbebea mbao, akakaa nyuma, akasikiliza, na mwalimu alipogundua kwamba huyu wa nyuma anajua na yule wa mbele hajui, akawa anamfundisha huyu.

Rudi kwenye kifungu cha tisa ukisome tena. Yule wa khati mbovu asiyefahamu ni Baba. Anayemweleza kwa upole ni Bakhit. Baba hajapata kuteka ndoo moja katika maisha yake. Bakhit aliteka kisima kile tangu hajafika kiunoni kwangu, ndiyo maana alijua kina pima ngapi.

Utaniuliza kwa nini nimenyamaza miaka yote hii. Kwa sababu na mimi nilipenda kuitwa binti wa aliyeandika. Sina udhuru mwengine.

Kiapo chako nnacho.

Kheiria


Qurum
17 Aprili 1998

Shangazi,

Sijui umemwandikia nini Baba. Nakueleza niliyoyaona.

Barua yako ilifika Jumatatu. Aliisoma sebuleni, akaikunja, akamwambia Filomena alete birika la maji ya moto na bakuli. Nikadhani anataka kujifukiza kifua. Akauchukua msahafu wa Babu, akaufungua nyuma, akaushika juu ya mvuke kwa mikono miwili mpaka ngozi ya vidole ikawa nyekundu. Nikamwambia, Baba nisaidie kushika. Akasema, "Kaa mbali."

Tangu siku hiyo hajazungumza ila salamu. Alimpigia simu mchapaji akamwambia asimamishe, basi. Chungwa langu la asubuhi halipo. Msahafu ameuacha mezani umefunikwa kwa kilemba chake.

Leo alipokwenda Ijumaa nilitawadha nikaufungua. Chini ya jina lake pameandikwa: "Amezaliwa bwana wangu yuko Arafa. Mola amrejeshe salama amwone mwanawe. Ameandika Bakhit."

Nilikaa chini, shangazi. Aliporudi aliniona nimeushika. Aliniuliza swali moja, "Majid anajua?" Nikamwambia hapana, mimi mwenyewe nimejua sasa hivi. Akaniambia, "Usimwambie." Basi nimekuwa na siri na kila mtu.

Nasriya


Qurum
20 Aprili 1998

Dada,

Umeniua na umenizika. Haya.

Nilitafuta njia ya kukukanusha. Nikasema katibu ni mkono tu, anaandika anachoambiwa. Lakini lile swali la pembeni haliniachi. Mtu hauulizi mkono wake maana ya alichoandika mwenyewe.

Sasa nisikilize, na usinikatize kwa maskhara. Nna miaka sitini na nane. Nilitoka Fukweni na msahafu na shati la mwilini. Nyumba imekwenda, mashamba yamekwenda, na huku nilipofika kuna watu walituona sisi Waafrika tu, tumekuja na Kiswahili chetu na mihogo yetu. Kitu kimoja kilikuwa kinanisimamisha wima: mimi ni mtoto wa mtu aliyeandika katiba. Ukiniondolea hicho, nimebaki mzee mwenye sukari anayekaa Qurum.

Nakupa shauri. Nitamwoza Nasriya kwa Majid. Kwa mkono wangu, kwa heshima zote, na nani atasema nini nitamjibu mimi. Wao wapate binti, Baba abaki na jina lake. Rasimu nitakurudishia, uirudishe sandukuni, na wewe unisamehe kiapo nifunge siku tatu za kafara. Kila mtu atapata. Nani atakayeumia? Bakhit amekufa.

Nijibu haraka. Mchapaji ananisumbua.

Marhoon


Fukweni
29 Aprili 1998

Marhoon,

Barua yako nimeisoma mara mbili na mara zote mbili nimetaka kusema ndiyo. Namtaka yule msichana aolewe kuliko ninavyotaka kitabu chochote duniani. Nilichukua kalamu kukuandikia ndiyo, nikaiweka chini.

Unataka kununua, lakini mwenye mali hukumwuliza. Mimi si Bakhit na wala si mrithi wake. Mrithi yupo, anakaa Khuwair ya Kusini, robo saa kwa gari kutoka kwako. Uchukue msahafu na rasimu, nenda kamwambie Said shauri lako hilo kwa mdomo wako, kama ulivyoniambia mimi. Akikubali, kiapo nimekusamehe na ninyi mtajuana.

Kheiria


Qurum
12 Mei 1998

Dada yangu,

Nilikwenda.

Siku nne nilikuwa nikiingia garini na kutoka. Ya tano nikafika. Wanakaa juu ya duka la mapazia, ghorofa ya tatu, na magoti yangu unayajua. Majid alikuwa kazini. Said alinifungulia mwenyewe, akanikalisha mahali pake, akanipa halwa, akanipa kahawa. Nikakumbuka kahawa niliyompa mimi.

Nikaweka msahafu na rasimu mbele yake. Nikasema yote, na shauri langu nikalisema pia: binti kwa jina. Sikupunguza neno. Alinisikiliza mpaka mwisho huku anazungusha kikombe. Hakuzitazama karatasi hata mara moja.

Kisha akanambia, "Sheikh Marhoon, mimi nnajua."

Nikamwuliza anajua nini.

"Tangu mwaka hamsini na moja. Baba alinambia kabla hajafa. Alinisomea kifungu cha tisa kwa moyo, na vilivyobaki pia, vyote ishirini na moja. Akaniusia, madhali yuko mtoto wa Sheikh Seif anayetembea juu ya ardhi, usimwaibishe. Nimekaa na maneno hayo miaka arubaini na saba."

"Hata siku ile nilipokurudisha?"

"Siku ile ndiyo iliyokuwa ngumu," akasema. "Nilikuwa na neno moja mdomoni, na ningelilisema wewe usingeliweza kunitazama tena. Nikanywa kahawa."

Nikamwuliza sasa anasema nini juu ya shauri langu. Akatabasamu, dada, na sikuona dhihaka ndani yake, ningelifurahi kama ningeliona. Akasema, "Jina chukueni. Sisi tulikuja kuposa binti, hatukuja kudai kitabu. Na kama binti hamtupi, jina chukueni vile vile."

Nilijaribu kusimama nikashindwa. Alinishika mkono akaninyanyua, yeye aliye mkubwa kuliko mimi. Pale mlangoni nikamwomba radhi. Sijui nilisemaje, nnakumbuka tu nilikuwa nimeishika kanzu yake kama mtoto.

Akdi ya ndoa ni Alkhamisi ijayo, msikiti wa karibu na kwetu, na mimi ndiye nitakayeozesha. Wamesema hata kama nina kazi nyingi za kitabu wanaweza kungoja. Nimewaambia kitabu ndicho kitakachongoja. Ile sura nimeichana. Daktari nimemwandikia kwamba Mwingereza hakuandika, na Baba hakuandika, na aje Bustan asikie nani aliyeandika, kwa kuwa nitamleta Said akisome kifungu cha tisa kwa moyo. Nnaogopa siku hiyo, sitakuficha. Watakuwapo watu wale wale mia mbili.

Nasriya nimemmenyea chungwa leo. Akalia juu yake, likawa halilikiki.

Imebaki kitu kimoja kinachonisumbua, na mtu wa kumwuliza ni wewe tu, kwa kuwa ulikuwapo. Alasiri ile nilipozaliwa Baba hayupo. Ami zetu walikuwa shamba, maana hadithi nilivyoisikia ni kuwa walipata habari kesho yake kwenye sala ya Idi. Mtoto hakai mpaka kesho bila ya adhana. Nani aliniadhinia sikioni?

Nduguyo,
Marhoon


Fukweni
21 Mei 1998

Marhoon mdogo wangu,

Leo ndiyo Alkhamisi yenyewe. Ninapoandika hapa huenda umeshamshika Majid mkono, umeshamwoza. Nimepika bilauri mbili za mchele kwa tui, nimewaita watoto wa jirani wale kwa niaba yenu.

Umeniuliza, nakujibu. Mama alikuwa chumba cha ndani, na wanaume ndani ya nyumba hapakuwa na hata mmoja. Mimi ndiye niliyetumwa kwenda kuita. Nilimkuta kisimani, nikamwambia mtoto kazaliwa na mama anasema njoo. Akaweka ndoo chini, akanawa, akasimama nje ya pazia kwa sababu hakuwa na ruhusa ya kuingia. Mkunga akakupitisha chini ya pazia, umefungwa kanga, unapiga kelele. Akakupokea, akakuinua, akakuadhinia sikio la kulia taratibu mpaka mwisho. Ukanyamaza. Nilikuwa nimesimama karibu, na mikono yake ilikuwa bado na maji ya kisima, nawe ulikuwa umelowa shavu.

Ni Bakhit, Marhoon. Kabla hujaisikia sauti ya baba yako ulikuwa umeisikia yake.

Dada yako,
Kheiria